Miezi Kumi na Miwili

Nyumba ya Bi Chausiku Gwasa, Mwanga, nyuma ya mashine ya kusaga:
vyumba sita, choo kimoja, LUKU moja,
na ugomvi wa LUKU hiyo, mpangaji wa saba, asiyehama.
Changu ni cha tatu kushoto.
Nililipa mwaka mzima kabla sijajua
bati linavuja pale pale panapofaa kitanda.
Dalali Kiloba alichukua mwezi wake
kwa kazi ya kunionyesha mlango
ambao ningeuona mwenyewe.

Umeme ukikatika tunakaa ukumbini
na kila mtu anatoa nchi yake.

Nabintu wa chumba cha kwanza anasema, kule Uvira
aliweka garanti ya miezi mitatu,
kwa dola, tena dola zisizo na mkunjo,
halafu akawa analipa mwezi kwa mwezi
kama mtu mwenye akili zake.
Garanti ulirudishiwa?
Anageuza ndizi kwenye mkaa.
"Tuliondoka usiku. Nani adai garanti huku anakimbia?"

Binamu yangu yuko Nairobi.
Huko tarehe tano ni tarehe tano, hata ukifiwa.
Tarehe sita unakuta kufuli geni
na sufuria zako zinakutazama dirishani.

Ndayizeye fundi cherehani hasemi Bujumbura alilipaje.
Anasema tu kwamba Nyarugusu, kambini, hakuna kodi,
na hataki mtu amwonee wivu kwa hilo.

Bi Chausiku hakuwa na nchi ya kutoa
mpaka mwanawe Yasini alipopiga simu kutoka Leipzig.
Akaweka sauti kubwa tusikie sote.
Mama, wanataka dhamana ya miezi mitatu.
Mama, inakaa benki, peke yake,
mwenye nyumba haigusi,
siku ya kutoka inarudi na riba yake.
Mama, chumba hakina jiko,
aliyehama kang'oa hata sinki, kaondoka nalo.
Tukacheka hadi mtoto wa Nabintu akaamka.
Na hawezi kunitoa bila kuandika sababu.
"Sababu?" akauliza Bi Chausiku. "Kwani nyumba si yake?"

Asubuhi alipita mlango kwa mlango,
daftari kwapani.
Mkataba wangu ulikuwa na miezi miwili bado.
"Naomba wa mwakani," akasema, "mapema kidogo."
Sijawahi kusikia neno naomba
likitoka upande ule wa mlango.

Mimi nauza dagaa, Kibirizi.
Hesabu yangu inatoka angani:
mwezi ukijaa, ziwa linafumba mkono;
giza likirudi, taa zinainama majini
na mimi napata sabuni, ada, chumvi.
Hakuna mahali maishani mwangu
ambapo miezi kumi na miwili imewahi kukaa pamoja
isipokuwa kwenye karatasi ya Bi Chausiku.

Nikampa sita.
Zilikuwa zinanuka dagaa, sikuomba radhi.
Akalowesha kidole, akahesabu, akahesabu tena,
akaandika risiti kwa kalamu ya kuazima, yangu.

Sasa fedha yangu imelala Leipzig,
imefunikwa, ina sheria kichwani na miguuni,
haiguswi, inazaa taratibu.
Mimi nimelala Mwanga, nimekunja magoti,
beseni mahali pa miguu,
tone, kimya, tone.

Juzi Yasini aliniandikia, kijana mwenye adabu,
kwamba kule bati likivuja
mpangaji hupunguza kodi, na sheria iko naye.
Nikamjibu: hilo usiniambie mimi.
Mtumie mama yako, kwa sauti yako.

Akamtumia.
Nilimsikia Bi Chausiku ukumbini akiirudia mara mbili,
mara ya pili simu ikiwa imebanwa sikioni.
Jioni akaja mlangoni kwangu, hakuketi,
hakuitaja Ujerumani.
Ameniletea beseni kubwa zaidi.